Karanja Mwenye Giza na Marehemu Wapole

Ukishuka Kondele na kuuliza Karanja mpiga picha yuko wapi, utaonyeshwa mlango wa buluu nyuma ya wauza mitumba, pale ambapo fundi wa redio na mama wa dagaa wa omena wanagongana visogo. Ukiuliza kama picha zake ni nzuri, watakuuliza kwanza: unataka ya mtu aliye hai au ya marehemu? Kwa walio hai wapo vijana wengi wa simu. Kwa marehemu alikuwa Karanja peke yake. Sifa zake zilifika Kombewa, zikaruka hadi Maseno, na nasikia kuna mzee mmoja wa Asembo aliyekataa kufa mpaka ahakikishiwe kwamba Karanja hajasafiri.

Huyu Karanja si wa hapa. Alikuja ujana wake juu ya lori la viazi kutoka Murang'a, akashuka anyooshe miguu, lori likaondoka. Yeye husema alikuja kutafuta maisha. Mimi nasema alisahauliwa pamoja na gunia moja, na gunia lilipata mtu wa kulichukua kabla yake. Akapata kazi kwa Mhindi mmoja mwenye studio mjini, kwanza akimfagilia, halafu akimchanganyia dawa za picha, halafu akimpigia wale wateja wasiopenda kuambiwa watabasamu. Yule Mhindi alipofunga duka awafuate watoto wake ng'ambo, alimwachia mashine ya kukuza picha.

Mashine yenyewe ni ndefu, ina shingo kama korongo. Kichwani ina taa, chini ya taa ina jicho la kioo. Unaweka filamu juu, ile ambayo weupe ni weusi na weusi ni weupe, taa inawaka, na sura ya mtu inateremka kwenye karatasi ikiwa kubwa na imenyooka. Kazi yote ni gizani, kuna taa nyekundu tu pembeni kama jicho la fisi. Na giza la Karanja ni nene. Niliingia humo mara moja, nikatoka na kipande kimenasa kwenye leso, kikaenda kuzima koroboi yangu nyumbani.

Watu wetu wakamwita Wuon Mudho, yaani mwenye giza. Hakukasirika. Alijibu kwa lugha yetu, Dholuo chake cha Murang'a, kwamba afadhali mwenye giza lake kuliko anayeazima la jirani.

Pamoja na mashine alirithi filta. Haya nilielezwa na yeye mwenyewe, mara nyingi kuliko nilivyotaka. Filta ni vipande vyembamba vya plastiki, yeye aliviweka kwenye mkebe wa biskuti. Nyingine ni za njano, nyingine ni rangi ya bitruti. Unachomeka moja chini ya taa kabla ya kuchapa. Ya njano inalainisha: weusi unalegea, mikunjo ya uso inalala. Ya bitruti inakaza: weusi unakuwa weusi, kovu linakuwa kovu, na mtu aliyepigwa picha amekasirika anabaki amekasirika. Mpiga picha anaangalia filamu yake, anachagua.

Lakini rangi ni rangi. Hata kitenge cha harusi ukikianika kila siku kitapauka. Filta za Karanja zilisimama mbele ya taa ile miaka na miaka, mpaka bitruti ikawa waridi, na waridi ikawa rangi ya maji yaliyooshewa bitruti. Kila mwaka nguvu yao ya kukaza ilipungua. Karanja akaanza kubebanisha mbili, halafu tatu, kama mzee anayevaa makoti wakati wa mvua, lakini hata ukiwafunga punda wazee watatu kwenye mkokoteni mmoja, mkokoteni hautakimbia. Picha zake zikawa za kijivu, laini, kama uji uliotiwa maziwa.

Na hapo ndipo jina lake lilipopaa.

Kwa sababu hapa kwetu picha ya marehemu si pambo. Inatangulia jeneza. Inawekwa mezani, watu wanaihutubia. Mtu anasimama mbele yake anasema, fulani, ndugu yangu, ulinikosea lakini yameisha, ama, fulani, ulikufa na siri ya ng'ombe wangu. Ukimhutubia marehemu ukiwa unatazama kando, watu wananong'ona kwamba una jambo. Baadaye inatundikwa sebuleni, na wajukuu wanaambiwa wasitukanane mbele ya babu. Sasa basi, wale waliokufa zamani, filta zikiwa na nguvu, wamening'inia kwenye kuta za huku kwetu Seme wamekunja nyuso, kila mmoja kama anamtafuta aliyemwibia kuku. Waliokufa baadaye ni wapole. Waliokufa juzi ni malaika waliotoka kuoga. Mchungaji mmoja akalihubiri jambo hilo. Akasema, tazameni kuta zenu, kizazi hiki kinakufa kwa amani kuliko baba zenu, neno limefanya kazi. Watu wakasema amina. Karanja alikuwa kiti cha nyuma, akawa anatazama viatu vyake.

Mkewe, Magdalene, ndiye hukaa mbele kupokea wateja, na ndiye aliyekuwa wa kwanza kulisema. Siku moja alishika picha ya mzee mmoja aliyejulikana kwa kutembeza bakora, akaigeuza kwenye mwanga, akamwambia mumewe, "Baba Shiro, huyu si yeye. Huyu ni mtu aliyemjua kwa mbali."

Karanja akasema ni umeme, umeme wa Kondele hauna nguvu. Lakini Shiro, binti yao aliye Nairobi, alisikia, akatafuta mpaka akapata filta mpya, seti nzima, akazituma zimefungwa kwa karatasi laini kama mayai. Karanja akashukuru sana. Akaziweka juu ya kabati, akaweka kofia yake juu yazo, na kofia ikahamia huko. Kila akiulizwa alisema kitu kipya kinataka kuzoewa kwanza. Akasema za zamani bado zinapitisha mwanga, sifa ambayo hata dirisha lisilo na kioo linayo.

Sababu yenyewe hakuisema, ila uso wake haukai na siri. Akibadilisha filta, marehemu wa kesho watatoka na nyuso zao, na watu watauliza, kwani wale wa jana ulituchapia nani? Nusu ya Seme ingeteremka na fremu kwapani. Na wale wanawake wa kanisa, ambao huingia kwake na mikunjo na kutoka bila mkunjo hata mmoja, wangemhama. Halafu kulikuwa na jambo dogo lililomkaa rohoni kama mwiba wa samaki. Katika filta mpya ilikuwemo ya njano, nzuri, yenye nguvu. Angeweza kumlainisha mtu yeyote apendavyo. Lakini hadi hapo zilizodanganya ni filta, yeye alichapa tu. Akilainisha kwa mpya, mwongo atakuwa na jina, na jina ni Karanja.

Basi kofia ikakaa, mpaka alipokuja Dorca.

Dorca huniita nyieka, mke mwenza, ndivyo tunavyoitana sisi tulioolewa ukoo mmoja. Boma lake na langu yanagusana pale Kombewa. Mumewe, Obiero, alikuwa mtu mkali. Obiero akikohoa, kuku walirudisha mahindi. Kati ya nyusi alikuwa na mikunjo miwili mirefu, ungepanda mtama humo ungevuna. Lakini ukali wake haukuchagua mtu. Alimkaripia mkewe kwa kula amesimama, akamkaripia chifu kwa sauti ileile, na hakuna aliyegusa kitu cha nyumba yake. Ndugu yake mdogo, Zacchaeus, aliwahi kuhamisha mkonge mmoja wa mpaka. Obiero aliung'oa, akaurudisha ulipokuwa, kisha akamwambia nduguye kwamba ukihama tena, atakayepandwa pale ni yeye, na kwamba atamwagilia maji mwenyewe.

Alipokufa, picha yake ilichapwa na Karanja, filta zikiwa tayari zimechoka. Akatoka mpole. Mikunjo imelala, macho yamelegea, mdomo kama wa mtu anayetaka kusema pole. Pale mazishini watu waliitazama picha, wakatazamana, lakini nani ataanza ubishi na marehemu? Dorca akamtundika sebuleni. Mwanzo alimwogopa kwa mazoea, halafu akamzoea, halafu, nyinyi, akampenda. Asubuhi alimwamkia. Jioni alimweleza habari za mahindi na za binadamu, naye aliyakubali yote. Zacchaeus alipokuja na ile desturi ya kumrithi shemeji yake, Dorca alimwonyesha ukutani, akasema, mume ninaye. Zacchaeus akatazama, akanywa chai yake, akaenda.

Ila alikuwa ameona. Ndugu yake hakuwa mkali tena.

Msimu uliofuata, mkonge wa kwanza ulihama. Halafu wa pili. Mikonge ya kwetu ni ya ajabu, inatembea, na ikitembea inaelekea penye maji. Mpaka wote ukaanza kuteremka, pole pole, kwenda kwenye kipande cha udongo mweusi karibu na kisima, mahali ambapo Dorca hulima sukuma wiki na mchicha wa dodo hata jua likiwaka namna gani. Kipande hicho ndicho kinachomlisha. Nilimwambia. Akanijibu, "Nyieka, wacha tu. Mwenyewe hana neno. Si umtazame?"

Nikamtazama Obiero ukutani, na kweli hakuwa na neno.

Mwaka huu watoto wa Dorca wakasema kaburi la baba yao lijengewe saruji na ufanywe ukumbusho. Zacchaeus alikubali haraka kuliko watu wanavyokubali jambo jema. Akasema, kwa kuwa ukoo wote utakuwa pale na saruji itakuwa imechanganywa, basi siku hiyohiyo mpaka usimikwe nguzo za saruji mahali ulipo, jambo liishe mbele ya marehemu mwenyewe. Wazee wakaona ni busara. Lakini mkonge unaweza kuutembeza, nguzo ya saruji haitembei. Ikisimama pale, kisima kimeenda, na Dorca atakuwa akiomba maji ya kumwagilia mboga asizokuwa nazo.

Wiki ya ukumbusho mchwa wakaingia kwenye fremu ya Obiero. Walianza na masikio, nadhani kwa sababu yalikuwa bado mapya, Obiero hakuwahi kuyatumia. Kisha wakala uso. Dorca alipoenda kumwamkia, alikuta tai na kola.

Akalia kuliko alivyolia mazishini. Tukafunga fremu kwenye leso, tukaenda Kondele.

Karanja hatupi filamu. Ana maboksi ya viatu mpaka darini, na ukitafuta kwa subira utampata babu yako akiwa ananyonya. Alimpata Obiero, akamwinua kwenye mwanga, akasema yupo, hana mkwaruzo. Mimi huniita shosho, nyanya kwa lugha ya kwao, nami humwita mwanangu, ingawa mvi zake zimeniacha mbali. Nikamwambia mwanangu, ukumbusho ni Jumamosi, usituletee hadithi za umeme. Dorca akamshika mkono. Hakutaka kingine ila mume wake arudi vile alivyokuwa.

"Nataka huyohuyo," akasema. "Usinibadilishie."

"Mama, atakuwa yuleyule," Karanja akamwambia, na tulipotoka tu akakaa chini, kwa maana alikuwa ameahidi kabla ya kujiuliza, yule yupi.

Yaliyotokea gizani nilielezwa na Magdalene, na pale alipofika mwisho nimeendelea mwenyewe. Karanja alianza na filta za zamani, kwa heshima. Akachomeka bitruti zote zilizobaki, moja juu ya nyingine. Akatia karatasi kwenye dawa, akaitikisa sinia taratibu kama mtu anayepepeta mchele. Kilichotokea ni ukungu, ule wa asubuhi juu ya ghuba, ila huu ulikuwa umevaa tai. Miaka tangu mazishi haikuwa imekaa bure, ilikuwa imeendelea kula rangi. Akaongeza mwanga. Ukungu ukawa wingu la mvua. Mpole alikuwa amepoa mpaka ameisha.

Basi akainua ile kofia.

Filta mpya ilikuwa na rangi kiasi kwamba, anasema Magdalene, mkono wa Karanja ulionekana umechinja. Akachomeka, taa ikawaka, karatasi ikaingia kwenye dawa. Hakikuja kichwa, haikuja kola. Ilikuja kwanza mikunjo miwili, peke yake, juu ya karatasi nyeupe. Halafu macho yakaifuata. Halafu Obiero mzima akapanda kutoka chini ya dawa akimtazama Karanja kama mtu aliyeamshwa. Karanja akakumbuka siku ile ya kupiga. Alimwomba mzee ainamishe kichwa kidogo, naye akamjibu kwamba yeye si mbuzi wa sokoni anayekaguliwa meno. Gizani, peke yake, Karanja akajikuta anainamisha kichwa chake mwenyewe.

Magdalene akabisha mlango akauliza kama amempata.

"Nimewapata wawili," akajibu.

Tuliporudi, alitoa ule ukungu kwanza. Nilijua kuna jambo, kwa sababu aliushika kwa vidole viwili. Dorca alikuwa amenunua andazi njiani, bado analitafuna. Akaupeleka ukungu dirishani, akaugeuza, akauinamia.

"Huyu ni nani?"

"Ni yeye, Mama," Karanja akasema. "Ni vile amezidi kupumzika."

Fundi wa redio nje akafungua stesheni, akaifunga. Magdalene, bila kuinua macho kutoka kwenye risiti zake, akasema, "Baba Shiro, mletee na yule mwingine." Karanja alimtazama mkewe kama unavyomtazama mbwa wako mwenyewe aliyekuuma. Lakini aliinuka, akamleta, akamsimamisha juu ya meza.

Sasa niwaambie nilichokiona kwa macho haya. Dorca alificha andazi. Aliliweka nyuma ya mgongo, upesi, kama msichana, akafuta mdomo kwa kiganja, akanyoosha kitambaa cha kichwa. Obiero hakupenda mke anayekula amesimama. Miaka yote ile amekula amesimama, ameketi, amelala, mbele ya picha ya mume wake, na mume hakusema. Halafu nikaona mabega yake yakishuka. Akamtazama Obiero. Akatazama ukungu mkononi. Akamtazama Obiero tena.

"Sasa mimi nimekaa na nani miaka hii yote?" akauliza.

Swali halikuwa la Karanja, lakini ndiye aliyelijibu, maskini. Akaeleza filta, taa, rangi, akaeleza mpaka Mhindi aliyeenda ng'ambo. Akasema alipaswa kuzibadilisha kitambo na hakubadilisha kwa sababu watu walizipenda hivyo. Akasema huyu mkali atamrarua sasa hivi, hakuna mtu atakayemwona. Na kama Mama anamtaka mpole wake, atamtoa leo hii, na safari hii si kwa bahati mbaya, kuna filta ya njano ya kazi hiyo. Aliposema hivyo uso wake ukawa kama wa mtu anayemeza dawa ya minyoo, lakini alisema.

Dorca alikuwa bado anamtazama Obiero. Mimi nina ugonjwa mmoja, kimya kikirefuka lazima nikitie chumvi. Nikamwambia, "Mchukue mpole, nyieka. Amekaa vizuri na watu. Hata Zacchaeus atafurahi kumwona."

Akanigeukia, na naapa, kwa muda mdogo, ile mikunjo miwili ilikuwa kwenye uso wake yeye. Akatoa andazi mgongoni, akaliweka mezani. Akauinua ule ukungu, akamrudishia Karanja kwa adabu. Kisha akafunua leso, akaitandika.

"Usirarue," akasema. "Huyu ana kazi Jumamosi."

Jumamosi watu walijaa mpaka mbuzi wakakosa mahali pa kusimama. Meza ilitandikwa kitambaa cheupe, na picha ikawekwa juu, imefunikwa leso mpaka maombi yaishe, Dorca alivyotaka. Zacchaeus alikuwa amevaa koti la marehemu. Nguzo zake zilikuwa zimelala kando ya mkonge, mahali anapotaka zisimame, na mashimo yamekwisha chimbwa, maana hakutaka kuwasumbua wazee. Jaduong' Ooko, mkubwa wa ukoo, akamwita azungumze kama ndugu, amjulishe marehemu jambo la mpaka, watu wasikie, liishe.

Zacchaeus akaja mbele akitembea kama mtu anayeenda kuchukua chenji yake. Akakohoa. Dorca akavuta leso.

"Obiero, ndugu yangu," Zacchaeus akaanza, na akainua macho kama desturi inavyotaka.

Sijawahi kuona koti likimpwaya mtu akiwa ndani yake. Kabla ya hapo lilimtosha. Akasogea kushoto kidogo. Obiero akamtazama kushoto. Akasogea kulia, Obiero akawa amefika. Karanja amenieleza kwamba mtu aliyetazama kamera sawasawa humtazama kila mtu, ukae upande wowote. Zacchaeus hakuwa ameelezwa. Akajaribu kutazama nguzo, watu wakaanza kunong'ona. Akajaribu kumtazama Dorca, na Dorca alikuwa ameketi, mikono mapajani, anakula mandazi taratibu, ameketi kabisa.

"Ndugu yangu," Zacchaeus akasema, sauti ikiwa ile ya udogoni, "kuna mikonge ilihama. Mvua ilikuwa nyingi."

Jaduong' Ooko ni mtu wa pole pole. Akafikiri, akauliza kama mvua hiyo ilinyesha upande mmoja wa ua tu.

"Ilikuwa nyingi upande huo," Zacchaeus akakubali, macho yakiwa bado kwa kaka yake. Kisha akasema, bila mtu kumuuliza zaidi, kwamba mashina ya mkonge wa zamani bado yako ardhini, yeye anayajua yote, na nguzo zinaweza kusimama hapohapo, leo, hata sasa. Wakaenda. Nguzo ya kwanza aliibeba mwenyewe. Watu wanasimulia kwamba alibeba mbili, moja kila bega, na ya tatu akaishika kwa meno. Wameniambia wana uhakika, na ni kweli, mimi ndiye niliyewaambia.

Kwa hiyo kisima kipo kwa Dorca, na nguzo hazijatembea. Mkali ametundikwa sebuleni, anatazama dirishani, upande wa mpaka. Asubuhi nasikia kutoka kwangu Dorca akimgombeza: kwamba asimtazame hivyo, kwamba chai si baridi, kwamba kama hakuridhika ashuke ajipikie. Anabishana naye mpaka jua linapanda. Amenenepa. Na yule mpole aliyempenda, sijamsikia akimtaja.

Karanja naye, Jumatatu aliamka akavaa kofia yake kichwani, mahali pa kofia, na filta mpya zikaingia kazini. Habari zilikuwa zimemtangulia. Fremu ziliteremka kutoka Seme kama alivyoogopa. Wengine walitaka wazee wao warudishiwe nyuso, wakalia walipowaona, wakawabeba. Wengine walitazama mara moja, wakasema asante, wakaomba yule wa zamani arudishwe kwenye fremu yake. Wote aliwahudumia, ila hamlainishi mtu kabla ya kuulizwa, na ukimwomba anakuambia kwa mdomo kwamba hii nimeilegeza mimi. Wanawake wa kanisa walihamia kwa vijana wa simu. Nusu wamerudi, kwa sababu kule kila mmoja alipewa pua ileile. Mchungaji hajahubiri tena habari za kuta.

Filta kuukuu hakuzitupa. Ziko kwenye mkebe wa biskuti, chini ya meza. Najua, kwa sababu juzi nilienda kupigwa picha yangu ile ya mwisho, nikiwa bado naweza kujichagulia kitambaa. Niliketi, nikakataa kuinamisha kichwa. Alipomaliza akaniuliza, kwa upole wake, "Shosho, nikuchape ulivyo?"

Nikamwambia hapana. Obiero alikuwa na mpaka wa kulinda, mimi nina watoto na wakwe ambao watasimama mbele yangu siku hiyo kunihutubia, na yapo mengi wanayoyajua. Wanahitaji kuniona na sura ya mtu asiyeweza kuwa ameyafanya.

"Basi nikutilie ya njano," akasema, na uso wake ukawa tena ule wa dawa ya minyoo.

"Usitie mpya yoyote, mwanangu," nikamwambia. "Toa ule mkebe. Nichape kwa zile zilizochoka, zote pamoja, ili ukiulizwa, wewe useme ni filta."